Fataki ya Saa Saba na Dakika Hamsini na Tatu

Saa saba na dakika hamsini na tatu mchana, Jumapili ya mwisho ya mashindano ya sumo ya Novemba, fataki moja ililipuka juu ya stesheni ya zamani ya Kuranosawa. Mlio ulikuwa mmoja, moshi ulikuwa mweupe, na upepo uliusukuma kuelekea mashamba ya matufaha. Katika duka la tofu, jibini ya soya, lililo chini ya kilima, kilomita moja na mita mia nne kutoka hapo, mwenye duka, Soma Hatsue, alitoa mikono kwenye maji, akaangalia saa ya ukutani, kisha akamwambia mteja wake kwamba mwanawe ameshinda.

Wakati huo mwanawe alikuwa hajashinda.

Nilikuwepo, hatua sita kutoka kwenye bomba la fataki, nikiwa na ndoo mbili za maji na kipimaupepo. Mimi ni afisa wa kinga katika kikosi cha zimamoto cha mji, na hakuna kitu kinachoruhusiwa kulipuka Kuranosawa bila mimi kuwa karibu nacho.

Aliyefyatua ni Naraoka Kiyonobu, mwenye umri wa miaka sabini na tatu, msimamizi wa mwisho wa stesheni ile. Reli ilifungwa miaka kumi na miwili iliyopita na mataruma yakang'olewa. Jukwaa la abiria lilibaki kwa sababu kulibomoa kungegharimu zaidi ya kuliacha. Watu bado wanamwita Stesheni Masta, na yeye bado anaitika.

Mwana wa Hatsue anaitwa Takuro. Ulingoni jina lake ni Hibanomori. Ana miaka thelathini na mmoja, kilo mia moja na hamsini, na goti la kushoto lisilokunjika sawasawa. Miaka mitano iliyopita alipanda hadi daraja la pili, ambalo ndilo la chini kabisa kati ya yale ambayo mwanamieleka hulipwa mshahara, na tangu hapo hajapanda wala hajashuka. Magazeti ya Tokyo hayana habari naye. Hapa kwetu hufyatuliwa fataki moja kila anaposhinda. Hatukuibuni desturi hiyo. Iko miji mingine inayowafanyia vijana wake vivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba sisi tuna Naraoka.

Naraoka anawafahamu wanamieleka wa madaraja mawili ya juu kama alivyozifahamu ratiba zake. Anajua nani hutangulia kuweka ngumi chini kabla ya kugongana, nani hurusha chumvi nyingi ya kutakasa ulingo siku anayoogopa, nani amebadilisha bandeji kutoka kifundo cha kulia kwenda cha kushoto na kwa nini. Hana picha za wanamieleka ukutani wala taulo lenye majina yao. Ana daftari. Amewahi kumwona Hibanomori kwa macho mara moja tu: miaka mitatu iliyopita alikwenda Tokyo, akaketi ghorofani kwenye viti vya bei nafuu, Hibanomori akashinda, na Kuranosawa ikabaki kimya kwa sababu mwenye kibali cha kufyatua alikuwa Tokyo. Hajaenda tena. Hadi asubuhi ya Jumapili ile daftari lilionyesha ushindi mia mbili ishirini na mbili na fataki mia mbili ishirini na moja. Ile inayokosekana huiita "safari yangu ya kijinga".

Hatsue haangalii mapambano. Tangu siku mwanawe alipoumia goti mbele ya kamera, televisheni yake imefunikwa kitambaa. Yeye husikiliza tu. Mlio ukija, Takuro ameshinda. Usipokuja hadi saa tisa, ameshindwa, naye hushusha pazia la mlangoni, ambalo likitundikwa huonyesha duka liko wazi, na kufunga mapema.

Kibali cha fataki kina vifungu saba. Cha nne kinasema: fataki moja kwa ushindi mmoja uliothibitishwa. Cha tano: kibali kitadumu maadamu Hibanomori yumo katika madaraja ya mshahara. Cha sita: fataki ikifyatuliwa kabla ushindi haujathibitishwa, kibali kimefutika. Vifungu hivyo vilitokana na malalamiko ya Yamadate Shuzo, fundi mstaafu wa meno bandia, ambaye nyumba yake iko nyuma ya stesheni na ambaye ana mbwa. Lakini neno "uliothibitishwa" halikuwa lake. Liliongezwa na Naraoka mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, mbele yangu. Alisema kibali kisicho na neno hilo ni cha kihuni.

Hadi Jumamosi, siku ya kumi na nne, Hibanomori alikuwa ameshinda mara saba na kushindwa mara saba. Hesabu yake ilikuwa fupi. Akishinda Jumapili, siku ya kumi na tano na ya mwisho, angebaki kwenye mshahara hadi Januari na fataki zingebaki naye. Akishindwa, angeshuka, na kifungu cha tano kingefanya kazi yake.

Ushindi wa Jumamosi ulipatikana saa nane na dakika thelathini na sita. Naraoka alifyatua kama kawaida yake, na kawaida yake ilikuwa hivi: mwamuzi anapoelekeza upepeo wake upande wa mshindi, Naraoka husimama wima mbele ya televisheni, hunyoosha kidole na kutaja vitu vitano kwa sauti, kimoja kimoja, akikielekezea kila kimoja. Anga. Upepo. Bomba. Watu. Upepeo. Ndivyo walivyofundishwa wafanyakazi wa reli, na ndivyo wanavyofanya hadi leo madereva wote wa treni nchini. Kidole kikishafika kwenye cha tano, hubonyeza swichi. Zoezi zima lilichukua sekunde nane.

Jumamosi hiyo Yamadate alikuja jukwaani moshi ukiwa bado hewani. Alikuwa na redio ndogo mkono mmoja na saa ya kupimia mbio mkono wa pili.

"Stesheni Masta," alisema, "treni ya leo imechelewa."

"Imechelewa wapi?"

"Redio imetangaza, nimehesabu mpaka nane, ndipo ukapiga. Sekunde nane nzima. Mbwa wangu alishaanza kulia kabla yako, amesikia redio."

"Kuna utaratibu."

"Utaratibu mzuri sana huo. Yaani mbwa anajua matokeo kabla ya mama wa mtoto."

Alikuwa anatania. Naraoka aliiomba ile saa, akaigeuza, akaangalia muundo wake, akamrudishia.

Jumapili asubuhi saa tatu alifika ofisini kwangu na karatasi iliyopigwa chapa. Ilikuwa utaratibu mpya. Vitu vinne vya kwanza vingetajwa kabla ya pambano kuanza. Baada ya pambano kingebaki kimoja tu, upepeo. Sekunde nane zingekuwa moja na nusu. Nilisoma. Nikauliza kama anga linaweza kubadilika ndani ya pambano moja. Akasema pambano refu kuliko yote ya Hibanomori lilichukua dakika mbili na sekunde kumi na nne, na katika muda huo hakuna ndege anayeweza kufika Kuranosawa bila kuonekana. Nilisaini.

Jambo ambalo hatukuliona, mimi na yeye, ni kazi nyingine iliyokuwa ikifanywa na zile sekunde nane. Kuuzunguka ulingo huketi majaji watano waliovaa nyeusi. Mwamuzi akishaelekeza upepeo, jaji yeyote mwenye shaka anaweza kuinua mkono, na hapo uamuzi husimama mpaka wakubaliane. Katika miaka mitano mkono huo uliinuliwa mara saba kwenye mapambano ya Hibanomori, na mara zote uliinuka Naraoka akiwa bado kwenye upepo au bomba, akanyamaza, akangoja. Majaji hawakuwemo kwenye orodha yake. Hawakuhitajika kuwemo. Orodha ilikuwa ndefu kiasi cha kuwapa nafasi, na Jumapili asubuhi tuliifupisha.

Siku ya mwisho mapambano huanza mapema. Saa saba na dakika arobaini na tano televisheni ilikuwa tayari imewekwa kwenye dirisha la tiketi, ikitazama jukwaani. Naraoka alivaa glavu nyeupe. Kulikuwa na fataki moja ndani ya bomba na nyingine ya akiba sandukuni, kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza ingegoma. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka alfajiri na kuyeyuka. Yamadate alikuja na kiti chake cha kukunja.

"Umekuja na saa?" Naraoka alimuuliza bila kugeuka.

"Ninayo. Mbwa nimemwacha nyumbani."

"Ungemleta yeye ukabaki wewe."

"Umenuna, siyo? Afande Kon, huyu amenuna. Nimemtania jana, ameamka na kinyongo."

Nilisema upepo ni mita mbili kwa sekunde.

Naraoka alinyoosha kidole. "Anga, tupu. Upepo, mita mbili. Bomba, wima. Watu, hakuna." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kimebaki kimoja. Leo hatuchelewi, afande."

Mpinzani aliitwa Minasegawa, mdogo kwa Hibanomori kwa miaka tisa na mzito kwake kwa kilo kumi na tisa.

"Huyu kijana akiushika mshipi tu, kwisha habari," alisema Yamadate.

"Hataushika," alisema Naraoka. "Bega lake la kulia linamuuma tangu siku ya tisa. Angalia atakavyochota chumvi."

Minasegawa alichota chumvi kwa mkono wa kushoto.

"Duh," alisema Yamadate, akakaa vizuri.

Waligongana saa saba, dakika hamsini na mbili na sekunde arobaini na nane. Hibanomori aliingiza mkono wa kushoto ndani, akasukuma, akamfikisha Minasegawa ukingoni. Minasegawa aliegemeza kisigino kwenye kamba nene ya majani inayozunguka ulingo, akajipinda, akamvuta. Walianguka pamoja nje ya ulingo, kwa uzito wa kilo mia tatu na kumi na tisa, mbele ya wapiga picha. Mwamuzi alielekeza upepeo mashariki. Hibanomori alikuwa upande wa mashariki.

"Upepeo, mashariki," alisema Naraoka, akabonyeza.

Nimeangalia rekodi ya televisheni na ya kamera ya jukwaani mara nyingi. Swichi ilibonyezwa sekunde moja na nusu baada ya upepeo. Fataki ilipasuka angani katika sekunde ya nne. Katika sekunde hiyo hiyo ya nne, kwenye kioo, jaji aliyeketi kaskazini aliinua mkono wa kulia.

Majaji watano walisimama na kupanda ulingoni.

"Irudishe," alisema Yamadate.

"Niirudishe nini?"

"Sijui. Moshi."

Majadiliano ya majaji yalichukua dakika moja na sekunde arobaini. Mkuu wao alishika kipaza sauti. Alieleza kwamba mwamuzi alielekeza mashariki, kwamba majaji wameona miili yote miwili iligusa chini kwa wakati mmoja, na kwamba pambano litarudiwa.

Naraoka alikuwa bado ameweka kidole kwenye swichi. Alikiondoa, akavua glavu, akazikunja na kuziweka mezani.

"Dakika ya hamsini na tatu," alisema. "Hakuna mshindi."

"Ngoja kwanza, bwana wewe. Linarudiwa. Akishinda hujakosea. Umewahi tu."

Naraoka alimgeukia. Katika miaka mitano nilikuwa sijawahi kumwona akiipa televisheni kisogo Hibanomori akiwa ulingoni.

"Yamadate, unajua maana ya kuwahi? Treni ikichelewa, abiria yupo, amekasirika, anakutukana, lakini yupo, na utampakia. Ikiwahi, anafika jukwaani na tiketi yake mkononi anakuta reli tupu. Na yeye hana kosa. Miaka thelathini na minane nimechelewesha treni kwa theluji, kwa dubu, kwa mama mjamzito. Sijawahi kuondosha hata moja kabla ya saa yake. Hata sekunde kumi."

"Hapa kuna abiria gani? Hii ni fataki."

Naraoka alitazama chini ya kilima, upande wa duka la tofu.

Pambano la pili lilichukua sekunde nne. Hibanomori aliingiza mkono ule ule wa kushoto, lakini safari hii hakusimama ukingoni; alipita moja kwa moja kifuani kwa Minasegawa, na wote wakatokea upande wa pili, Minasegawa akiwa wa kwanza kutoka. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini na nane. Ushindi wa nane. Mshahara ulibaki, daraja lilibaki, kifungu cha tano kilibaki bila kazi.

Yamadate aliruka, kiti kikaanguka. Redio yake ilikuwa inapiga kelele.

Naraoka alikielekeza kidole kwenye kioo, mkono ukiwa mtupu bila glavu. "Upepeo, mashariki," alisema. Akangoja. "Majaji, wameketi. Sawa." Hakubonyeza kitu, na hakukuwa na kitu ndani ya bomba cha kubonyezewa.

"Ya akiba ipo sandukuni," alisema Yamadate. "Itie, piga."

"Kifungu cha nne. Ushindi mmoja, fataki moja."

"Kifungu cha nne nimekisababisha mimi. Mimi nakuruhusu."

"Wewe ulilalamika. Hukutoa kibali."

Saa nane na dakika kumi na moja Hatsue alifika kwa baiskeli, na ndoo ya tofu ikining'inia kwenye usukani. Alikuwa bado amevaa aproni. Alikuwa hajawahi kupanda kilima siku ya mapambano, kwa hiyo wote watatu tulimgeukia.

"Amebaki," alisema. "Nane kwa saba. Nimesikia nikiwa na mikono majini. Nimewaletea, ile, kulikuwa kumebaki vipande sita. Mbona mmekaa kama mko msibani?"

"Mama Takuro," alisema Naraoka, akavua kofia. "Fataki uliyoisikia haikuwa yake."

"Ilikuwa ya nani?"

Akamweleza. Alimweleza yote, kwa mpangilio, pamoja na ile karatasi ya asubuhi na sekunde moja na nusu. Hatsue alisikiliza huku akikaza kamba ya aproni.

"Sasa ameshinda au hajashinda?"

"Ameshinda. Saa saba na dakika hamsini na nane."

"Basi."

"Ulianza kufurahi dakika ya hamsini na tatu. Dakika tano za mwanzo hazikuwa na msingi."

"Stesheni Masta, nilizifurahia hivyo hivyo. Unataka nizirudishe?"

Yamadate alicheka. Naraoka hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Afande, leta fomu."

Fomu ya zimamoto ina ukurasa mmoja. Ina nafasi ya muda wa kufyatua na, kwa ajili ya kibali hiki peke yake, nafasi ya muda wa ushindi kuthibitishwa. Kwa mara mia mbili ishirini na moja nimeandika dakika ile ile katika nafasi zote mbili.

"Andika hamsini na nane kote," alisema Yamadate. "Nani atajua? Saa za mji huu zenyewe hazikubaliani. Ya kwangu iko mbele, ya posta iko nyuma."

"Ya kwako ulipima nayo sekunde nane jana," alisema Naraoka.

"Jana ilikuwa utani, ndugu yangu. Utani. Mtu akikutania na wewe unatania, unamaliza. Huendi kupiga chapa karatasi."

"Afande," alisema Naraoka, "hamsini na tatu. Halafu hamsini na nane."

Niliandika hamsini na tatu, halafu hamsini na nane. Akasaini. Hatsue alituachia tofu, akashuka, kwa sababu duka lilikuwa wazi na hakuna mtu.

Siku tatu zilizofuata ofisi ilipokea simu kumi na moja. Watu tisa, ambao hawakuwa wameulizwa kitu, walieleza kwamba waliisikia fataki saa saba na dakika hamsini na nane kamili. Mmoja alikuwa amelala wakati huo, lakini alisema mlio ulimwamsha na saa ya kitandani ilionyesha hamsini na nane. Simu ya kumi ilitoka kwa meya. Yeye hakutaja dakika. Alisema tu kwamba masikio ya wananchi tisa ni mengi kuliko kalamu moja.

Simu ya kumi na moja ilikuwa ya Yamadate.

"Nataka kufuta malalamiko yangu," alisema. "Yale ya miaka mitano iliyopita."

"Yalishafungwa, Mzee Yamadate. Kibali ndicho kilichoyafunga."

"Basi fungueni, niyafute. Mbwa ameshazoea. Siku fataki isipolia hali chakula. Nilikuwa sisemi, lakini ndiyo hali halisi. Mashindano ya Julai, Takuro alipopigwa siku sita mfululizo, mbwa alipungua kilo moja na nusu. Nina cheti cha daktari wa mifugo."

Nilimwambia alete cheti. Alikileta. Kimo kwenye jalada.

Kamati ya vibali ya mji iliketi Ijumaa. Kwa kuwa wananchi tisa walisema hivi na fomu ilisema vile, mwenyekiti aliona hali ina utata, na kwamba penye utata ni busara kuacha mambo yalivyo. Angeweza kufunga kikao hapo. Lakini Naraoka alikuwa ameomba kuingia, na alikuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha tatu zilizochapwa kutoka kwenye rekodi ya televisheni na ya kamera ya jukwaani, kila moja na saa yake pembeni: upepeo, mkono wa jaji, na dirisha la tiketi ambamo mwanga wa fataki ulionekana kwenye kioo. Alizipanga mezani kwa mstari. Kisha akaweka ya nne, picha ya saa ya ukutani ya duka la tofu, pamoja na maelezo ya Soma Hatsue, yenye sahihi yake, kwamba aliiangalia saa hiyo alipousikia mlio na ilikuwa hamsini na tatu. Kati ya watu wote wa mji, shahidi pekee aliyesema kweli ni yule aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kudanganya.

"Alikubali kuandika?" mwenyekiti aliuliza.

"Alikataa," alisema Naraoka. "Nikamwambia asipoandika, siku nyingine mlio ukija hatajua kama ni kweli. Akaandika."

Mwenyekiti alizitazama zile picha kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kasoro. Hazikuwa na kasoro. Kifungu cha sita kilisomwa. Kibali kilifutwa kuanzia tarehe mosi Desemba, na maombi mapya hayawezi kupokelewa kabla ya mwaka kupita. Naraoka alishukuru, akakusanya picha, akaniuliza kama ile fataki ya akiba nitaichukua leo au kesho. Niliichukua siku ile ile. Katika daftari lake aliandika ushindi mia mbili ishirini na tatu, fataki mia mbili ishirini na mbili, na pembeni, kwa kalamu nyekundu: moja iliwahi.

Mashindano ya Januari huanza Jumapili ya pili ya mwezi. Siku hiyo Kuranosawa ilikuwa na theluji ya sentimita themanini na mbili. Kikosi chetu kilikuwa mtaa wa duka la tofu, kikifukua mabomba ya maji ya kuzimia moto yaliyozikwa, kwa hiyo niliyaona yaliyofuata nikiwa na koleo mkononi.

Saa nane na dakika thelathini na nane, kwa mujibu wa redio ya gari letu, Hibanomori alishinda. Mji ulikuwa kimya. Kilimani hakukuonekana moshi. Saa tisa kamili Hatsue alitoka, akaangalia juu, akashusha pazia la mlangoni na kuingia nalo ndani.

Saa tisa na dakika nne Naraoka alitokea kwenye kona. Alikuwa na fimbo, viatu vya theluji, na kofia ya kazi ambayo reli haikuwahi kumdai arudishe. Njia ile ya kutoka stesheni humchukua dakika kumi na tisa wakati wa kiangazi. Alisimama mbele ya duka, akajipangusa mabega, akabisha. Hatsue alifungua nusu.

"Ameshinda," alisema Naraoka. "Majaji wameketi."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika thelathini na nane."

Hatsue aligeuka kuangalia saa ya ukutani. "Umechelewa dakika ishirini na sita."

"Nimechelewa," alisema, akavua kofia, akainama mpaka theluji ya begani ikaanguka kizingitini.

"Na kesho?"

"Kesho anapambana mapema kidogo. Nitachelewa vilevile."

Hatsue aliingia ndani. Pazia la duka lilirudi mlangoni saa tisa na dakika sita.